Mkono wa Baba na Mikataba ya Mabomu

Baba alianguka akiwa anapalilia migomba nyuma ya nyumba yake pale Pongwe. Shangazi alikuwa jikoni. Alisikia jembe likigonga jiwe, halafu kimya, na kimya kile kilimtoa mbio. Alimkuta amelala ubavu, macho wazi, mdomo umevutika upande mmoja, akijaribu kumwambia jambo. Majirani walimbeba kwenye gari la mwenye duka la vifaa vya ujenzi wakamkimbiza hospitali mjini Tanga.

Mimi nilifika kesho yake kutoka Dar es Salaam. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alinitoa nje ya wodi akanieleza kwamba ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vingerudi polepole kwa mazoezi. Kuhusu maneno hakutaka kuniahidi chochote.

"Anaelewa," aliniambia. "Usije ukamchukulia kama mtu asiyeelewa. Njia ya kuingilia maneno iko wazi. Ya kutokea ndiyo imeziba."

Niliingia nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Alinitazama muda mrefu. Midomo yake ilihangaika, kisha akasema, "Hapana." Akafumba macho kwa uchungu, maana sicho alichotaka kusema.

Ili mtu aelewe ukubwa wa pigo lile, lazima nieleze Baba alikuwa nani. Ni Msambaa, aliteremka kutoka milimani akiwa kijana kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alianza kwa kukata majani kama wengine, lakini kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, na Kiingereza alichofundishwa shule ya misheni kilikuwa kizuri, wakamtoa shambani wakamweka ofisini. Huko akawa karani, na zaidi ya ukarani akawa mkalimani. Kila meneja alipotaka kusema na wafanyakazi, Baba ndiye aliyesimama katikati. Wafanyakazi wenyewe walitoka kila pembe ya nchi na hata nje yake, wengine Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Baba alijivunia jambo moja tu maishani: kwamba hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye mkutano wake bila kuelewa alichoambiwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyebaki na maneno matatu. Alikuwa na "hapana", "haya", na "mama".

Jambo la ajabu ni kwamba aliweza kuimba. Shangazi, ambaye ni mdogo wake na ndiye aliyekuja kutoka Lushoto kukaa naye Mama alipofariki, aligundua hilo wiki ya pili, Baba akiwa amesharudishwa nyumbani. Alikuwa akifua huku akiimba wimbo wa kanisani, na Baba kutoka kwenye kiti chake barazani akaupokea, maneno yote, sauti ya pili kama alivyozoea kuimba kwaya. Shangazi aliacha kufua. Wimbo ulipokwisha akamuuliza, "Kaka, unataka chai?" Baba akafungua kinywa, na hakukuwa na kitu. Shangazi alirudi kwenye beseni akalia kwa kumpa mgongo.

Niliomba likizo chuoni. Kazi yangu ni kufundisha na kuandika juu ya mikataba ya silaha za nyuklia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisoma nani ameahidi nini, nani anamkagua nani, na inawezekanaje kujua kwamba nchi fulani haidanganyi. Sijawahi kuliona bomu lenyewe. Nimeona picha, nimeona vyumba vya mikutano, na nimeona karatasi nyingi kuliko zinavyofaa kwa macho ya mtu mmoja. Yote hayo nimeyafanya kwa Kiingereza. Ninachoandika husomwa na watu wachache waliotawanyika duniani, na karibu wote tunafahamiana.

Nikiwa pale Pongwe nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa sekondari, kiongozi wa chama kidogo cha walimu wa uraia na historia. Alikuwa amesikia kwamba niko nyumbani. Alisema wanafunzi wanawauliza maswali kuhusu mabomu ya nyuklia, kwa kuwa siku hizi kila taarifa ya habari ina kiongozi anayemtishia mwenzake, na walimu hawajui waanzie wapi kujibu. Aliomba nije niwaeleze kwa saa moja, kwa Kiswahili. Nilikubali upesi sana. Nilidhani nitaandika siku mbili tatu, basi.

Asubuhi zetu zilikuwa za mazoezi. Hospitali walinipa bahasha ya kadi zenye picha: kijiko, ufunguo, jogoo, kikombe. Nilipaswa kumwonyesha Baba picha, nisubiri aseme jina lake, nikiona anakwama nimwanzishie silabi ya kwanza. Tulifanya hivyo barazani baada ya uji. Siku za mwanzo alijitahidi. Nilisema "ki," akasema "ki... ki... mama." Nilisema "u," akanyamaza. Siku ya sita nilipoinua ile kadi ya jogoo, jogoo halisi akawika uani, na Baba akanitazama kwa macho yaliyosema kila kitu. Alizikusanya kadi zote kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, akazirudisha ndani ya bahasha na kuikalia.

Sikuwa na la kufanya. Nilichukua daftari langu nikaanza kuandika ile mada ya walimu, nikikaa palepale pembeni yake ili asijione ameachwa. Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninapoandika. Nilisoma sentensi yangu ya kwanza, iliyosema kwamba silaha za nyuklia ni nyenzo ya kimkakati katika muktadha wa mahusiano ya kimataifa.

Baba aliinua mkono.

Nilidhani anataka maji. Nikamletea, akayasukuma pembeni. Nikaisoma tena sentensi ile, na nilipofika kwenye "nyenzo ya kimkakati" mkono ukainuka tena, kiganja wazi, kama askari anayesimamisha gari. Ndipo nilipokumbuka. Nilipokuwa mtoto niliwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya meneja aliyekuwa akiongea mfululizo. Mkono ule ulimaanisha: ngoja, hilo halijafika.

Niliifuta nikaandika kwamba silaha za nyuklia ni mabomu ambayo moja tu likilipuka linaweza kuua mji mzima, na vumbi lake lenye sumu likaendelea kuua waliobaki. Nikamsomea. Mkono ulibaki gotini.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufanya kazi. Nilisoma, na yeye alisikiliza amefumba macho. Hakuweza kunipa neno lililo sahihi, lakini lile lililokosea alilijua mara moja. Kurasa nne nilizoandika kwa siku mbili zilibaki aya tatu. Shangazi alikuwa akipita na ungo wa maharage, akiona mkono umeinuka anacheka chini chini. Alisema kaka yake amerudi kazini.

Tulikwama kwenye jambo moja. Katika taaluma yangu kuna wazo ambalo ndilo mzizi wa kila kitu: kwamba nchi yenye bomu haishambuliwi, kwa kuwa adui anajua atalipiziwa naye ataangamia. Kwa Kiingereza ni neno moja, na wenzangu tunalitamka kama watu wanavyotamka chumvi. Niliandika "uzuiaji kwa njia ya kitisho." Mkono. Niliandika "kumtisha adui asishambulie." Huo ni Kiswahili safi, nilijisemea. Mkono ukainuka, na safari hii Baba akafungua macho na kusema neno jipya, la kwanza tangu aanguke.

"Ana," alisema.

Shangazi aliweka ungo chini. Mimi nilimsogelea. "Nani ana, Baba? Ana nini?"

"Ana. Ana."

Nilidhani anauliza ni nani mwenye mabomu hayo. Nikamtajia nchi zote tisa, moja moja. Alitikisa kichwa. Shangazi akadhani anamzungumzia mgonjwa fulani, ana homa labda, akataja majirani. Baba akapiga mkono wa kiti kwa hasira, kisha akachoka akalala. Siku iliyofuata akarudia, na siku ya tatu pia. "Ana." Tulikwishaanza kulichukulia kuwa neno lililopotea njia, kama lile "mama" alilokiitia kikombe.

Siku ya tatu ile nilikuwa nimekaa mbele yake, si pembeni. Nilisoma tena, "kumtisha adui." Baba aliniinamia, akanigusa kifuani kwa kidole, akajigusa kifuani mwake. Akanigusa mimi tena. Akajigusa yeye. Huku na huku, huku na huku. "Tisha," alisema kwa taabu kubwa, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Tisha... ana."

"Kutishana," nikasema.

"Haya," alisema Baba, akaegemea kiti chake.

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilikuwa nimeandika juu ya mmoja anayetisha na mwingine anayetishwa, kumbe kinachofanyika ni watu wawili, kila mmoja mwenye hofu yake, wakiogopeshana wakati uleule, na hakuna awezaye kuacha peke yake. Lugha yetu ina kipande kidogo mwishoni mwa kitenzi kinachobeba yote hayo, nami nilikisahau kwa kuwa kule ninakochukulia mawazo yangu hakipo. Nilirudi mwanzo wa mada nikaiandika upya. Udhibiti wa silaha ukawa kuwekeana mipaka. Ukaguzi ukawa kukaguana. Kazi ikaanza kwenda.

Mara moja nilimbishia. Nilikuwa nimeandika kwamba mikataba hii hujengwa juu ya kuaminiana. Mkono ukainuka. Nikamweleza kwamba neno hili lina kipande chake, liko sawa kabisa, na linapendeza masikioni. Mkono haukushuka. Nilikasirika kidogo nikatoka kwenda dukani kununua sukari, na njiani nikajua kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Kama wangekuwa wanaaminiana wangehitaji mkataba wa nini? Wakaguzi wanaopelekwa kufunga lakiri, yaani mihuri, kwenye milango na kuhesabu makombora wanapelekwa kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake. Jambo hilo nimelifundisha maisha yangu yote, na bado niliandika uongo kwa kuwa ulikuwa mtamu kuusoma. Niliporudi niliandika: mikataba hii hufanywa na watu wasioaminiana, na huo ndio uzuri wake. Nikamsomea. Alitabasamu kwa upande ule mmoja unaofanya kazi.

Kosa langu lilikuwa kutotosheka. Kwa kuwa neno moja lilitoka, nilitaka mengine. Nilianza kumuuliza maswali asubuhi na alasiri. Nilimsomea neno nikalikata katikati ili alimalizie. Nilimzuilia kikombe cha chai mpaka aseme "chai." Niliandika kwenye daftari kila sauti aliyoitoa, kama ninavyoandika maelezo ya utafiti. Siku moja alikuwa amechoka, nami sikuona, nikamrudia mara ya nne na "lakiri," na Baba akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu, na hakuweza kuyafuta upesi kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umelala na wa kushoto ulikuwa umebanwa na daftari langu.

Shangazi alitoka jikoni, akaliondoa daftari, akamfuta kaka yake uso kwa kanga yake. Hakunigombeza mbele yake. Alinifuata nyuma ya nyumba, kwenye ile migomba.

"Mwanangu," aliniambia, "yule pale ni baba yako. Si mtihani wako."

Niliomba msamaha, kwake na kwa Baba. Jioni ile sikusoma chochote. Nilimkanda mguu kwa mafuta ya nazi na tukasikiliza redio.

Aliyetuokoa ni rafiki wa Baba wa Pangani. Ni mzee wa ukoo uliotoka Omani zamani sana, wana mashamba ya minazi ng'ambo ya mto, na urafiki wao ulianza pale mkongeni alipokuwa akileta nazi na madafu kwa wafanyakazi. Mmoja Mlutheri, mwingine Mwislamu, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwasikia wakibishania dini. Walibishania mpira na namna ya kupika samaki. Alikuja kumtazama mgonjwa, akaona tulivyonyong'onyea wote watatu, akatangaza kwamba anatuchukua kwake siku nne. Hakutuuliza.

Tulivuka kwa kivuko asubuhi, Baba akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la rafiki yake, kioo kimeshushwa. Kule nyumbani kwake walimweka kwenye kitanda cha kamba ukumbini, penye upepo. Wake wa wanawe walituletea bokoboko la ngano na nyama, na kahawa na tende. Mwenyeji wetu alimwongelesha Baba bila kukoma, akijijibu mwenyewe pale ambapo Baba angejibu, na mara nyingi alijibu sawasawa na vile Baba angesema, mpaka Baba akawa anacheka.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, mzee yule aligeukia kwangu.

"Binti yangu, nina swali la siku nyingi na naona haya kuliuliza. Watu wanasoma udaktari, wanasoma sheria. Wewe mabomu yale ulikwenda kuyatafuta nini?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na waandishi wa habari, na nina jibu lake lililonyooka, la kiusomi. Siku ile sikulitoa. Labda ni kwa sababu Baba alikuwa pale, na kwa mara ya kwanza maishani hakuweza kunikatiza.

Nilimsimulia kwamba nilikuwa darasa la nne. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi shambani. Baba alikuwa na redio kubwa, na jioni alifungua stesheni ya Kiingereza huku majirani wakija kukaa mlangoni, naye anawatafsiria habari. Mara nyingi zilikuwa habari za vita, nami nilijificha ndani nisisikie, kwa kuwa mwanafunzi mmoja mkubwa alinieleza kuhusu bomu linaloweza kumaliza dunia, na tangu hapo nilikuwa silali vizuri. Sikumwambia mtu. Jioni moja nikamsikia Baba anacheka barazani. Anawaeleza majirani kwamba wakubwa wawili wa dunia wamekubaliana kuharibu makombora yao, aina nzima isibaki, na kwamba kila mmoja atapeleka watu wake nchini kwa mwenzake, wakae kule, wayaangalie yakivunjwa kwa macho yao. Jirani mmoja alisema hawezi kuamini. Baba akamjibu, "Ndiyo maana wanakwenda kuangalia."

"Nikatoka nikasimama nyuma ya kiti chake," nilisema. "Nilitaka kusikia watu hao wanaokwenda kuangalia ni akina nani. Usiku ule nililala. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda kusomea kazi yao. Ni hivyo tu."

Mwenyeji wetu alinimiminia kahawa. Nilikuwa nimemtazama yeye muda wote niliposimulia, na sasa ilibidi nigeuke. Baba alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Hakuwahi kujua. Miaka yote hiyo alidhani nilichagua mambo yale chuo kikuu kwa ushawishi wa walimu wazungu, na mara moja aliwahi kuniambia kwamba angependa niwe mtu wa kutibu watu. Nami nilidhani siku moja nitamwambia, ikapita miaka thelathini na zaidi.

Aliutafuta mkono wangu akaushika. Midomo yake ilihangaika sana.

"Mama," alisema.

Sijui kama lilikuwa lile neno lake la kila kitu, au kama alikuwa ananiita vile baba anavyomwita binti yake anapotaka kumbembeleza. Sikuuliza. Tulikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa, na mzee yule akajifanya ana kazi ya kuangalia nazi nyuma ya nyumba.

Mada niliitoa wiki mbili baadaye kwenye ukumbi wa shule moja mjini. Umeme ulikatika kabla sijaanza, na picha zangu zote zikabaki ndani ya kompyuta, kwa hiyo nilisimama na karatasi tu. Baba alikuja, amevaa koti lake la kanisani, amekaa mstari wa pili kati ya Shangazi na rafiki yake. Nilieleza bomu ni nini. Nilieleza kutishana na kwa nini ni vigumu kuacha. Nilieleza kwamba bara letu limejiwekea mkataba wa kutokuwa na silaha hizo kabisa, na kwamba nchi moja ya kusini iliwahi kuyaunda mabomu hayo kwa siri, kisha ikayavunja yenyewe, na wakaguzi wakaenda kuhakikisha. Walimu walinisikiliza kwa namna ninayoitambua kama mwalimu, ya watu wanaofuatana nawe.

Mwalimu mmoja wa kike kutoka upande wa Kigombe alisimama akauliza swali ambalo ndilo hasa wanafunzi wake humuuliza: sisi hatuna mabomu hayo, na hakuna anayetutaka ushauri, sasa tufanye nini nayo zaidi ya kuogopa? Nilimjibu kwamba vumbi la bomu halitauliza nani aliyelirusha, kwamba jua likifunikwa na moshi mihogo ya Kigombe itakufa pamoja na ngano ya Ulaya, na kwa hiyo tuna haki ya kuwa chumbani yanapozungumzwa. Nilimwambia pia ukweli, kwamba mkataba wa mwisho uliobaki kati ya wale wakubwa wawili ulikuwa unaelekea kwisha, kwamba siku hizi hawaendi tena kuangaliana, na kwamba jambo hilo linanikosesha raha. Hakuonekana kufarijika. Lakini aliandika, na baadaye akaniomba nakala ili aisome darasani.

Baba alikuwa amesinzia. Shangazi alitaka kumwamsha, mimi nikamfanyia ishara amwache. Alilala usingizi mzito katikati ya maelezo ya kukaguana, kidevu kimeanguka kwenye tai, na hakuinua mkono hata mara moja.

Nilirudi chuoni muhula ulipofunguliwa. Hapo katikati mkataba ule ulifika mwisho wake, na wiki ile nilipigiwa simu nyingi za waandishi. Siku hizi, kabla sijaeleza kwa Kiingereza, nawaomba wanafunzi wangu waniambie jambo lilelile kwa Kiswahili, kama wanamweleza mtu wa nyumbani. Wengi hucheka mwanzoni. Baadhi hukwama, na hapo ndipo tunagundua wote kwamba hawakuwa wameelewa, au kwamba mimi sikuwa nimeelewa.

Maneno ya Baba yamerudi baadhi. Ya kwanza yalikuja kwa Kisambaa, ambacho mimi nakielewa kwa kubahatisha, kwa hiyo kwa miezi kadhaa Shangazi ndiye aliyesimama katikati yetu kwenye simu, akinitafsiria. Sasa Kiswahili kinakuja pia, kifupi kifupi. Majina ya watu bado yanamkimbia. Langu hajawahi kulitamka tena, na nimezoea.

Mwezi uliopita nilikwenda Pongwe bila kutoa taarifa. Nyumbani nilimkuta Shangazi peke yake, akaniambia kwamba kaka yake amekwenda kwa kinyozi, kwa miguu, mwenyewe, na kwamba amekatazwa kumfuata. Nilimfuata mimi. Nilimkuta kwenye kiti, shuka shingoni, kinyozi akimmalizia kisogo. Aliniona kwenye kioo. Nilisubiri nje mpaka akatoka, kichwa kinang'aa, ananukia poda. Tulirudi pole pole, mimi upande wake wa kulia, tukisimama kila penye kivuli. Watu walimwamkia, naye aliitikia "marahaba" kila mara, wazi kabisa.

Karibu na nyumbani alisimama, akakusanya nguvu.

"Kesho," alisema, "unaondoka?"

"Keshokutwa, Baba."

"Haya," alisema. Alifikiri kidogo. "Vizuri."

Tukaendelea kutembea.